Safari ya Watu Wasioomba

Kosa ninalokusudia kulifichua hapa ni kiburi. Sisemi kile kiburi cha kujisifu hadharani, ambacho kila mtu hukitambua na kukicheka. Nasema kiburi cha mtu asiyeomba. Mwenye kiburi hiki huonekana mwema. Hutoa sadaka, halemei mtu, wala hagongi mlango wa jirani hata chumvi ikimwishia chakula kikiwa jikoni. Nilikaa nacho nyumbani kwetu miaka mingi, nikala nacho meza moja, nikadhani ni adabu. Nakiandika kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wake hodari.

Katika droo ya meza yangu ya ualimu kuna kikopo cha bati. Kila nikikifungua, harufu ya tumbaku mbichi hunipanda puani: kali, yenye utamu kidogo, kama majani makavu yaliyonyeshewa kisha yakaanikwa juu ya ngozi ya mbuzi. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuvuta, kutafuna wala kunusa tumbaku. Baba ni mzee wa kanisa, na wanafunzi wangu waliowahi kuchungulia kikopo hicho hunong'ona nikigeukia ubao. Nawaacha wanong'one. Harufu ile hunirudisha Turkana, Desemba ya mwaka 2012, kwenye mchanga wa ziwa, nikiwa na miaka kumi na miwili, nimekalia mizigo ya familia yetu kama askari wa benki.

Baba alifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari mjini Lodwar. Mama alikuwa muuguzi katika zahanati moja huko Kakuma. Kwetu asili ni magharibi, penye mvua na migomba, mahali ambapo watu wa Lodwar walipaita Kenya tu, kana kwamba wao wenyewe walikuwa nchi nyingine. Mimi na mdogo wangu Baraka, aliyekuwa na miaka minane, tuliishi na Mama Kakuma. Baba tulimwona Jumapili mojamoja, akishuka garini na vumbi la barabara mpaka kwenye kope, mkononi ana mkate uliobonyea. Familia yetu ilikuwa imekatwa vipande viwili na barabara ile, na sikumbuki kuwahi kuwaona wazazi wangu wakitembea pamoja umbali unaopita ule wa kutoka mlangoni hadi kanisani.

Kakuma niliona watu wakiomba tangu jua kuchomoza. Kambini wakimbizi walisimama foleni na kadi zao mkononi. Nje ya kambi, wanawake wa Kiturkana walipita milangoni na mizigo ya kuni, na kabla ya kutaja kuni walitaja sukari. "Ejok, mama. Nipe sukari. Nipe majani ya chai." Walisalimu na kuomba hivyo bila kuinamisha kichwa, kama mtu anayeuliza saa, kisha wakasimama palepale wakitutazama, hata baada ya kupewa, kana kwamba palibaki jambo. Baba akiwapo aliwapa, kwa maana alikuwa mkarimu. Mlango ukifungwa alitugeukia. "Sisi tunatoa," alisema. "Hatunyooshi mkono." Neno "nipe" lilipigwa marufuku nyumbani. Aliyetaka chumvi mezani alitakiwa kusema "naomba unisogezee chumvi, tafadhali," na aliyesahau alikula bila chumvi. Baraka alikula bila chumvi mara nyingi.

Alikuwako pia Mama Achol, mama wa Sudan Kusini mwenye kibanda cha duka kambini, aliyeimba kwaya moja na Mama. Mama alimsaidia sana: nguo za watoto, unga, madaftari. Jumapili moja baada ya ibada Mama Achol alimshika Mama mkono, akamwambia, "Wewe unanipa, unanipa. Mwaka mbili sasa. Mimi hujaniomba hata chumvi." Mama alicheka, wakaachana. Mimi nilidhani tumesifiwa. Niliyaandika maneno yale nyuma ya daftari langu kama mtu anayetunza cheti.

Sasa, msomaji wangu, safari yenyewe. Katikati ya Ziwa Turkana kipo kisiwa ambacho ni mbuga ya taifa: mlima wa moto uliopoa, wenye maziwa madogo ndani ya mashimo yake, na mamba wanaotaga mayai kandokando. Baba alikuwa amekifundisha kisiwa hicho kwa miaka sita bila kukanyaga hata jiwe lake moja, na jambo hilo lilimwaibisha. Akapanga kwa mwaka mzima kwamba likizo ya Desemba tungekiendea kwa miguu: gari lingetushusha Kerio, karibu na mdomo wa mto, nasi tungeufuata ufuo kuelekea kaskazini, siku saba, kila mtu na mzigo wake, hadi pwani ya Kalokol, na hapo mashua ituvushe. Mlinzi wa shule alimshauri achukue mtu wa kutuongoza. Baba akamkunjulia ramani. Mlinzi aliitazama kwa heshima, akaipindua, akaitazama tena.

"Mwalimu," aliuliza, "hii karatasi inajua kusalimia watu?"

Baba alicheka, akaikunja, na mwongozaji hakuchukuliwa.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za furaha ambayo sijaipata tena kwa kiasi kile. Upepo ulitusukuma mgongoni kama mtu aliye na haraka kutuzidi. Ziwa lilikuwa na kijani cha jani changa la mgomba, na Baraka alipoyaonja maji yake alitangaza kwamba kuna mtu amefulia humo. Tulipita vichwa vya samaki mbuta vilivyokauka, vikubwa kama ndoo, midomo wazi. Tulipita alama za mkia wa mamba mchangani, na Mama akatupiga marufuku kuukaribia ukingo bila Baba. Tulitembea alfajiri na jioni. Mchana tulifunga turubai kwenye mkoma, tukaguguna matunda yake magumu yenye ladha ya sukari iliyoungua. Mama, ambaye siku za kazi alikuwa sauti ya maagizo tu, aliimba. Baba alitembea kando yake akimbebea viatu vyake. Mimi nilitangulia, kwa kuwa nilikuwa nimekabidhiwa cheo: mtunzaji wa maji na sukari. Jerikeni mbili za maji matamu kutoka Kerio, kikombe kimoja cha kupimia, na mfuko wa sukari ndani ya begi langu. Maji ya ziwa tuliyatumia kuoshea vyombo tu. Mama alisema yangetuharibu matumbo. Ya kunywa tungechota katika visima ambavyo Baba alikuwa amevitia duara nyekundu kwenye ramani.

Asubuhi ya siku ya tatu tulifika kwenye mdomo wa laga, mto mkavu unaokumbuka maji wakati wa mvua tu. Baba na Mama walikwenda kutafuta duara nyekundu ya kwanza. Mimi nilibaki na mizigo na Baraka.

Mwanamke alitokea upande wa bara, akiwa peke yake, shanga zimempanda kutoka mabegani hadi kidevuni, kichwa kimenyolewa pembeni. Hakubisha hodi, kwa kuwa hapakuwa na mlango. Alikaa chini mbele yetu, akanyoosha miguu, akatutazama kwa muda mrefu.

"Ejok," alisema.

"Ejok," nilijibu.

"Nipe etaba."

Nilijua etaba ni tumbaku. Nilimweleza kwa fahari kwamba sisi ni Wakristo na hatutumii. Alikubali bila kinyongo.

"Basi nipe sukari."

"Hatuna," nikasema.

Mwanamke yule hakukasirika. Alimwelekezea Baraka kidevu. Nikageuka. Mdogo wangu, ambaye nilidhani amelala nyuma ya begi langu, alikuwa ameketi na chembe za sukari zimemng'ang'ania kuzunguka mdomo wote, zikimetameta juani kama ndevu za mzee. Mwanamke alicheka hadi shanga zake zikalia.

"Hii kijana imekula nini? Mchanga?"

"Mchanga," alisema Baraka, mtoto mtiifu, akiutetea uongo wa dada yake.

Alipomaliza kucheka alinyoosha mkono, akaigonga jerikeni yangu kwa ukucha. Ilitoa sauti ya utupu. Uso wake ukabadilika. "Maji kidogo," alisema. "Huko mbele hapana maji tamu. Siku moja yote hapana. Maji iko kwangu." Akaelekeza juu ya laga kwa midomo yake, bara, penye miti mitatu ya kijani. "Karibu tu. Kuja."

Nataka nieleweke vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye kosa lenyewe. Sikumwogopa, na niliamini alichosema. Lakini nilikuwa nimemnyima muda mfupi tu uliopita, na kwenda kwake kungekuwa kuomba. "Asante," nilimjibu kwa Kiswahili safi cha Baba. "Tuna maji yetu."

Alinitazama kidogo zaidi, akainuka, akajipangusa mchanga, akaenda.

Wazazi waliporudi, jerikeni yao ilikuwa tupu. Kisima cha ramani kilikuwa kimefukiwa na mchanga, sijui mwaka gani. Baba hakutishika. Kingine kilikuwa mbele. Nikamsimulia kwamba alikuja mwombaji nami nikasimama imara. Baba akaniwekea mkono kichwani. Mkono ule ulikuwa mtamu mno, na kwa ajili yake nikaimeza nusu ya pili ya habari. Jioni ile tulikunja turubai tukaendelea mbele, tukiipa laga mgongo.

Siku ya nne, jua likiwa bado chini, tulifika duara nyekundu ya pili. Palikuwa na shimo lililobomoka. Baba alilifukua kwa mfuniko wa sufuria, shati limemganda mgongoni, akitueleza habari za tabaka za mchanga, mpaka maji yalipojitokeza, naye akaacha kueleza. Aliyaonja. Akatema. Yalikuwa machungu kupita ya ziwa.

Tulipogeuka kumwambia Mama, alikuwa amekaa chini, na Mama hakuwa mtu wa kukaa chini. Midomo yake ilikuwa imepauka. Alitueleza hali yake kama anayesoma faili la mgonjwa wa mtu mwingine: tangu siku ya pili alikuwa akinywa maji ya ziwa kisirisiri, ili maji matamu yabaki kwetu watoto, usiku kucha tumbo lilikuwa limemwendesha, sasa alikuwa na kizunguzungu, na mkojo haukuja tena. "Nahitaji maji safi na sukari," alisema. "Leo. Kesho itakuwa mbali."

Katika jerikeni yangu vilibaki vikombe viwili. Chemchemi za Eliye, kwa ramani, zilikuwa mwendo wa siku nzima. Ufuo ulikuwa mtupu pande zote mbili. Hapakuwa na mvuvi wala moshi. Baba alisimama akiitazama karatasi yake, na kwa mara ya kwanza maishani niliona hajui.

Nilisema. Nilisema yote: maji, miti mitatu, "kuja". Nilingoja kofi, na laiti lingekuja. Baba alikunja ramani polepole, akaitia mfukoni, akasema, "Nitakwenda."

"Nendeni wawili," alisema Mama kutoka chini. "Yule mwanamke wewe hakujui. Alimwona huyu mtoto."

Tulimlaza kwenye kivuli cha mkoma. Baba akachota sufuria kubwa ya maji ya ziwa, akamfundisha Baraka kulowesha leso na kumfunika nayo Mama kichwani na kifuani, ikikauka aloweshe tena, na kila baada ya kitambo kumpa funda moja la maji matamu niliyokuwa nimeyakorogea sukari. Baraka hakulia. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Nikiwataja watu niliowaonea fahari katika wiki ile, mdogo wangu mwenye miaka minane sitamruka.

Tulirudi kwa mwendo wa saa mbili, upepo ukitupiga usoni na mchanga mdomoni. Kisha tukaiacha sauti ya ziwa, tukapanda laga hadi penye miti mitatu. Palikuwa na vibanda vya matawi vilivyoinama kama vikapu, punda mmoja, watoto, na bibi kizee asiyeona. Mwanamke wangu alikuwa kivulini akitunga shanga. Hakushangaa hata kidogo.

"Ejok," alisema.

"Ejok."

Baba alichuchumaa, akaanza kuzungumza kama anavyozungumza na mkaguzi wa shule. "Mama, tunaomba radhi kwa kukusumbua. Tungependa kununua maji kiasi, iwapo yatapatikana." Akatoa noti.

Mwanamke aliitazama noti ile kama picha ya harusi ya watu asiowajua. "Hapana," alisema. "Hii maji hapana ya duka."

"Nitaongeza."

"Hapana, mzee." Akanigeukia. "Wewe. Sukari imekuja?"

"Ilikuwapo," nilisema. "Hata jana ilikuwapo."

"Mimi najua. Ilikuwa hapa." Akajigusa kuzunguka mdomo, na watoto, waliokwisha kusimuliwa, wakaangua kicheko. "Nipe."

Nilimpa mfuko mzima niliokuja nao. Alimimina kiganjani, akalamba, akamlambisha bibi kizee, akawapa watoto mmoja mmoja, akajaza kikopo, kisha akanirudishia nusu iliyobaki. Halafu akaketi vizuri, akamtazama Baba, akanyamaza. Ulikuwa ule ule unyamavu wa mlangoni kwetu Kakuma.

"Anangoja nini?" Baba aliniuliza kwa sauti ya chini. Jasho lilimtiririka. Alikuwa bado ameshika noti.

"Anangoja umwombe, Baba."

Sijui nilijuaje. Labda mtu akitazamwa namna ile kila asubuhi kwa miaka, siku moja macho huanza kusomeka. Baba alinitazama, akamtazama yule mwanamke. Akairudisha noti mfukoni. Akavua kofia yake, ile ya kitambaa cha kijivu aliyovaa siku za mitihani, akaacha kuchuchumaa, akakaa chini kabisa kwenye mchanga, miguu mbele, kama mtoto.

"Mke wangu anaumwa," alisema. "Nipe maji."

Nimemwona baba yangu akipandishwa cheo, na nimemwona akipigiwa makofi na ukumbi mzima. Sijapata kumwonea fahari kama pale, alipolitoa kinywani neno alilolipiga marufuku mezani kwake. Na kabla hajalimaliza, mwanamke alikuwa amesimama, akiwaita binti zake kwa sauti iliyomshtua punda.

Kisima kilikuwa katika mchanga wa laga, kimezungushiwa miiba, kirefu kuliko nyumba. Mabinti wanne walishuka mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na kidato chake cha kusimamia, wakapitisha bakuli la mti kutoka mkono hadi mkono wakiimba, na nilipokaribia ukingoni mmoja wao alinishika kifundo cha mguu akanivuta niwe wa tano. Maji yalikuwa baridi na yalinuka udongo. Yule mwanamke hakuturuhusu kubeba chochote. Alimtwika punda, akaongeza kibuyu cha maziwa, akatangulia yeye mbele, kwa mwendo ambao Baba alilazimika kuukimbilia.

Tulimkuta Baraka akiwa bado analowesha leso. Alikuwa akimhesabia Mama pumzi kwa sauti, kwa kuwa Mama alimwambia asiache kuhesabu, na alikuwa amefika nambari ambayo shuleni kwao haikuwa imefundishwa. Mwanamke alipiga magoti, akamnywesha Mama kidogokidogo kwa kiganja chake mwenyewe. Maji, sukari, kungoja. Maji, sukari, kungoja. Jua lilipoanza kuelekea milimani, Mama alifungua macho akauliza kama Baraka amekula. Hapo Baba aligeuka akalitazama ziwa, akalitazama kwa muda mrefu sana.

Jioni ile alimpandisha Mama juu ya punda, akatupeleka kwake, tukakaa huko siku ya tano nzima, Mama amelazwa juu ya ngozi kando ya bibi kizee. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, na mchana kutwa hawakunyamaza. Na wenyeji wetu walituomba! Waliomba majani ya chai, sabuni, utepe wa nywele zangu, kifungo cha shati la Baba. Mwanzoni Baba alishtuka kila mara. Kufikia jioni alikuwa amejifunza, na nilimsikia akimwambia mtoto mmoja, "Nami nipe hilo tunda." Mtoto akampa, akakimbia kuwaambia wenzake.

Siku ya sita mwanamke alitupeleka hadi Eliye kwa njia ya bara, Mama akiwa juu ya punda, tukipita visima viwili ambavyo havikuwa kwenye karatasi yoyote. Penye chemchemi, chini ya mikoma, alituaga. Kisha akaitazama kofia ya kijivu.

"Nipe kofia."

Baba akaivua akampa. Akafikiri kidogo, akasema, "Nawe nipe fimbo." Ilikuwa fimbo yake ya kumpigia punda. Alicheka, akampa, akaondoka ameivaa kofia ile ya mitihani juu ya shanga zake zote, na punda akimfuata bila kuchapwa. Baba alimaliza safari akiwa amejifunga leso ya Mama kichwani.

Hatukufika Kalokol. Baba aliwafuata wavuvi wa Eliye, akakaa nao mchangani, akawaomba watupe nafasi katika mashua yao ya injini. Siku ya saba tulikikanyaga kisiwa. Tulipanda ukingo wa shimo kwa miguu yetu, mawe meusi yakivunjika chini ya viatu kama makaa, Mama akitangulia na fimbo ya punda, akikataa mkono wa mtu. Huko juu ziwa dogo la kijani lilikuwa limetulia ndani ya mlima, na mamba wamejipanga ukingoni kama magogo yaliyosahauliwa. Nilingoja Baba aanze somo. Hakufundisha kitu. Aliuliza tu, "Mmeona?" Tukasema tumeona. Tulisimama wanne kwenye upepo, na sijawahi kuiona familia yetu ikiwa nzima kama ilivyokuwa pale.

Tuliporudi Kakuma mwezi wa Januari, nilichukua kikombe kitupu nikaenda kambini, kwenye kibanda cha Mama Achol. "Mama Achol," nilisema, "nipe chumvi." Aliweka chini alichokuwa ameshika. Alikijaza kikombe mpaka chumvi ikamwagika, akaisindilia kwa kiganja, akaongeza tena. "Mwaka mbili," alisema, hakuniambia mimi hasa. "Nilikuwa nangoja." Nilirudi nyumbani nikafungua nyuma ya daftari langu, nikayasoma upya maneno niliyoyatunza kama cheti, nikaona yalikuwa malalamiko.

Nilielewa sehemu yake tu siku ile. Iliyobaki nimeielewa ukubwani, nikiwa na mshahara wangu na jirani zangu. Mtu akikulipa anakuwa amemalizana nawe. Anayekuomba anakwambia kwamba atakuona tena, na kwamba una kitu anachokihitaji, hata kama wewe ni mkimbizi mwenye kibanda cha duka au mwanamke mwenye shimo la maji jangwani. Sisi tuliotoa bila kuomba tulijiona wakarimu, kumbe tulikuwa tunawafungia watu mlango kwa mkono ule ule wa kutoa. Nayasema haya kwa ukali kwa sababu nayasema juu yangu. Nilimnyima mtu sukari, nikayakataa maji yake, na nusura nimzike mama yangu kwa heshima ya familia.

Baada ya mvua ya mwaka 2013, tukiwa Lodwar kwa likizo, mwanamke wa kofia alifika, akiwa ameulizia mjini nyumba ya mwalimu. Alikaa kwenye baraza yetu bila kubisha, akanyoosha miguu, akatutazama. Baba alitoka mbio na mfuko aliokuwa ameununua sokoni miezi kadhaa kabla. Ilikuwa tumbaku. Wazee wenzake wa kanisa walikuwa wameshamwita kumhoji kuhusu mfuko ule, naye akawajibu kwamba ni wa mgeni. Tangu hapo hajasafiri bila tumbaku, wala mimi. Mgeni alitafuna kwanza, akiwa amefumba macho. Ndipo akaomba sufuria, akaomba sukari, akaomba begi la shule kwa binti yake mdogo. Alipewa vyote. Baraka akapanguswa mdomo na Mama hadharani, na kila mtu akacheka.

Kisha Baba akakaa chini sakafuni mbele yake. "Kuna kitu kimoja hatujakuomba," alisema. "Tulikunywa maji yako, tukalala kwako, na hatukukuomba hicho. Nipe jina lako."

Aliihamisha tumbaku upande wa pili wa shavu, akatutazama mmoja baada ya mwingine, kama anayeshangaa watu waliosoma wanavyochelewa. Akatupatia jina lake.

Akai.